Milima Iliyokutana

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Methali hii nimeifundisha kwa miaka zaidi ya thelathini, kwanza katika shule za msingi, baadaye katika chuo cha ualimu ambako nilimalizia utumishi wangu. Hata hivyo ipo sehemu moja katika Afrika Mashariki ambako milima ilikutana, tena mchana na usiku. Sehemu hiyo ni reli ya Mombasa hadi Nairobi. Kwa kuwa ilikuwa njia moja tu, treni iliyopanda ilibidi ingoje stesheni kuipisha inayoshuka, na hapo Mlima Kenya uliweza kusimama ubavu kwa ubavu na Kilimanjaro, na Rungwe ukapishana na Ruwenzori.

Nazungumzia injini za mvuke za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, ambazo kila moja ilipewa jina la mlima au safu ya milima ya nchi zetu tatu. Hapa Kisongo ninapoishi, nikitoka uani asubuhi naiona Meru upande wa mashariki kukiwa hakuna mawingu, na milima ya Monduli upande wa pili. Yote miwili iliwahi kuwa injini. Longido, Lengai, Gelai, Hanang na Oldeani nayo ilikuwa injini. Msomaji ataniuliza mstaafu wa ualimu anatafuta nini kwenye mambo ya reli. Jibu langu ni kwamba nimeombwa kufanya uhakiki, na katika kuufanya nimegundua kosa ambalo nililifanya mwenyewe, la miaka mingi. Nitaanza na uhakiki, kosa litafuata.

Jirani yangu mmoja, mhandisi aliyefanya kazi Uingereza kwa muda mrefu kabla ya kurudi kujenga hapa kwetu, alinialika chai mwaka 2017. Sebuleni kwake, ndani ya kisanduku cha kioo, kulikuwa na injini ndogo ya rangi ya damu ya mzee, yenye urefu wa kama sentimeta 36. Ubavuni ilikuwa na kibao kidogo sana. Nilivaa miwani yangu nikasoma: Mount Meru. Jirani alisema, "Mwalimu, wewe umehakiki vitabu vya watu maisha yako yote. Basi nihakikie na hiki." Nilidhani anatania, kumbe hakuwa anatania. Siku ile nilisema machache kwa heshima ya chai yake. Haya ninayoyaandika ndiyo ambayo ningemwambia.

Mhakiki hawezi kusema neno juu ya mfano bila kukijua chenyewe kinachofananishwa. Daraja la 59 lilikuwa na injini 34. Zote zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Ni za aina iitwayo Garratt, kwa jina la Mwingereza Herbert William Garratt aliyepata hataza ya ubunifu huo mwaka 1907. Injini ya kwanza ya aina hiyo ilitoka katika kiwanda hicho hicho mwaka 1909, ikapelekwa Tasmania, nayo ilikuwa kitu kidogo cha reli nyembamba. Garratt alifariki mwaka 1913, hakuona ubunifu wake ulivyokuja kukua katika Afrika.

Tatizo alilolitatua ni hili. Reli yetu ina upana wa meta 1 tu, na njia inapinda na kupanda. Ukitaka nguvu nyingi unahitaji boila kubwa, na boila kubwa ni nzito. Uzito huo lazima ugawanywe juu ya magurudumu mengi ili reli isivunjike, lakini injini ndefu yenye magurudumu mengi kwenye fremu moja haiwezi kukata kona. Garratt aliigawa mashine sehemu tatu. Mbele kuna gari lenye magurudumu, silinda na tangi la maji. Nyuma kuna gari jingine kama hilo, lililobeba mafuta na maji. Katikati, juu ya fremu iliyoegemea magari hayo mawili kama daraja linavyoegemea nguzo zake, kuna boila na chumba cha dereva. Chini ya boila hakuna gurudumu hata moja. Kwa hiyo boila inaweza kunenepa na tanuru lake kwenda chini inavyotakiwa, na kila gari linageuka peke yake linapofika kwenye kona.

Katika daraja la 59 hesabu yake ilikuwa magurudumu 28, na kati ya hayo 16 yalisukumwa na mvuke. Urefu ulikuwa futi 104, yaani karibu meta 32. Uzito ulikuwa tani 252 hivi. Zilichoma mafuta mazito badala ya makaa au kuni. Zilivuta tani 1,200 katika mwinuko ambao kila futi 66 za kwenda mbele njia inapanda futi 1, kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi ambayo iko juu zaidi ya meta 1,600, safari ya kilometa 530. Katika reli zote za meta 1 duniani hazikuwahi kufanya kazi injini za mvuke kubwa na zenye nguvu kuliko hizi. Wahandisi walichora hata daraja la 61, kubwa zaidi, lakini liliishia kwenye karatasi kwa sababu injini za dizeli zilikuwa zimeshaanza kuingia.

Hiyo ndiyo historia kwa ufupi. Sasa tuje kwenye majina, maana jina nalo ni sehemu ya kazi ya sanaa, na mhakiki asilipite.

Shirika la Reli lilipenda kuzipa injini majina. Yako madaraja yaliyopewa majina ya makabila, na hadi leo katika makumbusho ya reli ya Nairobi iko injini iitwayo Masai of Kenya. Daraja la 60, ambalo nalo lilikuwa la aina ya Garratt, lilipewa majina ya magavana. Uhuru ulipokuja, majina ya magavana yaling'olewa. Milima iliachwa. Mimi naona katika jambo hili somo zuri kwa yeyote anayependa kuita barabara na shule kwa majina ya wakubwa. Mlima hauna chama wala haupinduliwi, na hakuna mtu anayeona haya kuutaja baada ya miaka ishirini.

Lakini nina lawama pia. Injini ya Mount Meru haikuwahi kufika Meru. Kila ekseli yake kubwa ilikandamiza reli kwa uzito wa kama tani 21, na reli za njia ya Tanga, ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911 na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929, zilikuwa nyepesi mno kuubeba uzito huo. Kazi ya injini hizi ilikuwa njia kuu ya Kenya. Kwa hiyo wazee wetu wa Kisongo, Ilboru na Nkoaranga, waliokuwa na haki ya kwanza ya kuiona Meru ikipiga honi, hawakuiona. Watu wa Shirika waliokota majina kwenye ramani ya nchi tatu wakayapeleka yote kwenye njia moja. Palikuwa na sababu, kwa kuwa tangu mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa shirika moja. Hata hivyo aliyeazimwa jina angalau angejulishwa.

Mimi mwenyewe niliziona kwa bahati. Mwaka 1966, nikiwa na umri wa miaka 16, nilipelekwa Mombasa kwa ami yangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Tulipanda treni Moshi tukafika Voi usiku, na hapo tukangoja treni ya kutoka Nairobi. Wakati tunangoja iliingia treni ya mizigo. Kwanza niliisikia ardhini kabla ya kuisikia masikioni. Kisha ukapita mbele yangu mwili mkubwa mweusi wa chuma, kisha mwili mwingine wenye joto lililonifanya nirudi nyuma hatua tatu, kisha mwili wa tatu. Taa za stesheni zilikuwa hafifu. Ilipopunguza mwendo niliona kibao ubavuni, nikasoma Mount Longido. Nilipiga kelele kwa furaha. Longido! Mlima ambao baba yangu alikuwa akipitia kando yake na ng'ombe!

Niliporudi nyumbani nilimsimulia bibi yangu kwamba nimeiona Longido Voi. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, ukikua utajifunza kwamba mlima hauhami. Wewe ulikuwa na usingizi."

Niliwasimulia na wenzangu shuleni, na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Katika masimulizi yangu injini ile ilikuwa na boila mbili, moja mbele na moja nyuma, na dereva katikati. Hivyo ndivyo macho yangu yalivyoelewa gizani. Lile tangi kubwa la mbele nililifanya boila, na lile la nyuma nikalifanya boila ya pili. Sikuwa nadanganya. Nilisema nilichoamini, nikakisema mara nyingi hata kikawa elimu yangu.

Naam, turudi kwenye mfano wa jirani yangu. Sisi tuliofundisha fasihi zamani tulizoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui. Fani ni umbo lake, na maudhui ni kile inachokisema. Najua vijana wa vyuo vikuu wanaona mgawanyo huo umechakaa, lakini katika kazi hii unanitosha.

Kwa upande wa fani, kazi ile ni ya kustaajabisha. Skeli yake ni 1:87. Ribiti zimepangwa mstari mmoja mmoja. Ngazi za kupandia kwenye chumba cha dereva ni nyembamba kuliko sindano ya kushonea. Dohani ni ile bapa ya Giesl, iliyobuniwa na mhandisi Mwaustria na ambayo injini hizi zilifungwa baada ya kuanza kazi. Kwa hiyo fundi ametuambia, bila kuandika neno, kwamba anatuonyesha Meru ya miaka ya baadaye na si ile iliyoshushwa melini mpya. Huo ndio uangalifu ninaoupenda. Nilipowafundisha walimu kuandika insha niliwaambia kwamba neno moja sahihi linaokoa sentensi tatu.

Lakini kila mfano una mahali unapolazimika kusema uongo, na mhakiki inampasa apaone. Reli ndogo ambayo injini ile imesimama juu yake ina upana wa milimeta 12. Zidisha kwa 87 upate milimeta 1,044. Reli yetu ni milimeta 1,000. Mafundi wa mifano hutumia upana huo kwa sababu ndio unaopatikana, na kosa la milimeta 44 katika reli halisi huwa nusu ya milimeta tu mezani. Nalisamehe. Wale wanaojenga mifano mikubwa ya 1:22.5 juu ya reli ya milimeta 45 hukaribia ukweli zaidi, lakini injini yao huwa na urefu wa meta 1 na sentimeta 40, na si kila nyumba ina sebule ya kuiweka.

Uzito nao hauwezi kupunguzwa kwa namna ile ile ya urefu. Ukipunguza urefu mara 87, uzito unapungua mara 87, kisha mara 87, kisha mara 87 tena. Zile tani 252 zinageuka kuwa chini ya gramu 400, uzito usiofika nusu kilo ya sukari. Na kona ndiyo ina uongo mkubwa zaidi. Mpenzi wa mifano anayeikunja reli yake kwa nusu kipenyo cha sentimeta 60 anaitaka injini ipite kona ya meta 52, kona ambayo mhandisi wa njia kuu asingethubutu kuichora. Kwa hiyo magari mawili ya mfano yanageuka kuliko yalivyogeuka ya kweli. Haya si makosa ya fundi bali ni masharti ya kazi yake, kama vina na mizani vilivyo masharti ya mshairi.

Kwa upande wa maudhui nina malalamiko mawili. La kwanza, chumba cha dereva kiko tupu. Fundi aliyehesabu ribiti hakumweka mtu hata mmoja. Injini hizi zilikuwa na makundi mawili ya wafanyakazi katika safari moja. Kundi moja lilikuwa kazini, la pili lililala ndani ya behewa dogo lililofungwa nyuma ya injini, nao walipokezana njiani. Behewa lile halipo katika kisanduku cha kioo. Wako madereva waliozisugua shaba za chumba chao mpaka zikang'aa kama vyombo vya harusi. Wako wachochea moto waliokaa saa nyingi mbele ya tanuru katika joto la nyika ya Taru. Ukiwaondoa hao umebaki na chuma na rangi. Jirani yangu alijitetea kwamba sanamu za watu za kipimo hicho huuzwa, ila mara nyingi ni za Wazungu waliovaa makoti ya baridi. Nilimwambia basi, afadhali chumba kitupu.

Malalamiko ya pili ni kioo chenyewe. Injini ile haijawahi kuvuta kitu tangu iletwe. Mfano usiotembea ni kama tamthiliya isiyoigizwa. Tunaisoma, tunaisifu, lakini jambo lake kuu, yaani namna inavyojikunja kwenye kona bila kuanguka, hatulioni.

Nilipokuwa nikiyasema haya kwa lugha ya upole, jirani alifungua kioo. Aliichukua injini kwa vidole viwili, akaiweka kiganjani mwangu, akaninyoshea kidole chini ya tumbo lake. "Tazama hapa katikati, Mwalimu. Hakuna gurudumu. Boila ndiyo hii, moja tu. Mbele ni maji, na nyuma ni mafuta na maji."

Boila moja tu. Nilikaa kimya mpaka chai ikapoa.

Mwaka 1982 nilikuwa msimamizi wa mazoezi ya kufundisha katika chuo chetu, kabla sijawa mkuu. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini uhaba haukwisha. Sabuni ilikuwa ya mgao, chaki tulizikata vipande viwili. Hatukuwa na picha wala ramani za kutosha, kwa hiyo kila mwanachuo alitakiwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vya mazingira yake. Kijana mmoja kutoka Upare alipangiwa somo la njia za usafirishaji, darasa la tano. Alileta injini ya Garratt.

Aliitengeneza kwa makopo. Kopo refu la mafuta ya kula lilikuwa katikati, na mabati ya makopo mengine aliyakunja kuwa matangi mawili, moja mbele na moja nyuma. Magurudumu yalikuwa ya soli za kandambili, kumi na mawili kwa jumla. Sehemu tatu zile alizishikanisha kwa misumari miwili iliyosimama wima, na ubavuni aliandika kwa rangi nyeupe: Mount Shengena, mlima wa kwao. Alichora reli kwa chaki juu ya sakafu, akaivuta kwa kamba, nayo ikapinda kwenye kona kama jongoo. Watoto walisimama juu ya madawati. Mmoja aliuliza kwa nini haivunjiki kiuno, na kijana akageuza injini juu chini akamwonyesha msumari.

Mimi nilikaa nyuma na daftari la alama. Niliandika kwa wino mwekundu: Boila ya pili iko wapi? Magurudumu hayatoshi. Zana haina uhalisi. Nilimpa 11 kati ya 30.

Alikuja ofisini jioni. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo Mwalimu. Samahani Mwalimu, baba yangu alikuwa karakana ya Nairobi miaka kumi na minne. Amenichorea yeye mwenyewe. Boila ni moja." Baba yake alikuwa mmoja wa wale waliorudi nyumbani mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika na Shirika la Reli likagawanywa. Nilimjibu kwamba mimi nimeiona injini hiyo kwa macho yangu Voi, na kwamba mwalimu habishani na anayemkagua. Alisema "Ndiyo Mwalimu" akaondoka. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka ule wa 1977, haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983, kwa hiyo hata kama ningetaka kuhakikisha nisingeweza kwenda. Lakini nisijifiche nyuma ya mpaka. Sikutaka kuhakikisha. Baba yake alikuwa Same, umbali wa safari ya basi.

Zana ile ilibaki stoo. Mchwa hawali mabati, lakini mtu alihitaji makopo. Sikuiona tena.

Mwaka 2019 nilipanda basi la Arusha kwenda Nairobi, nikaenda kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa na Shirika mwaka 1971. Kati ya injini 34 za daraja la 59 zimebaki mbili tu. Kazi yao ilianza kukoma miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna iliyokuwa inavuta treni ya kawaida. Nyingine zote zilikatwa kuwa chuma chakavu, Meru ikiwemo, na Longido yangu. Zilizosalia ni namba 5918, Mount Gelai, ambayo baadaye ilifufuliwa ikavuta safari maalumu za wageni, na namba 5930. Namba 5930 ni Mount Shengena.

Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Milima yote miwili iliyosalia ni ya Tanzania, nayo imehifadhiwa Kenya, jambo ambalo nadhani lingewafurahisha waasisi wa Jumuiya ya kwanza na kuwaaibisha waliowaachia ivunjike. Mimi nilikuwa na aibu yangu ndogo zaidi. Niliinama chini ya boila, kwa shida ya magoti ya mzee, nikatazama. Hakuna gurudumu. Fremu inalalia egemeo, kubwa kama jiwe la kusagia, moja kila upande. Ulikuwa ni ule msumari.

Sasa nitoe hukumu yangu, maana uhakiki usio na hukumu ni maongezi tu. Mfano wa jirani yangu ni mwaminifu kwa umbo. Ulihesabu kila ribiti, na kwa uaminifu huo ulinisahihisha mimi niliyekuwa na uhakika wa miaka hamsini. Kwa hiyo siwezi kuudharau, wala simshauri yeyote aamini kwamba usahihi wa vipimo ni mchezo wa matajiri. Mfano wa makopo ulikuwa mwaminifu kwa jambo. Haukuwa na skeli wala ribiti, lakini ulijua kwa nini mashine ile ilibuniwa, na uliwaonyesha watoto arobaini kwa dakika tano jambo ambalo mkaguzi wao hakulijua. Ningeulizwa ni upi niuweke katika chuo cha ualimu, ningesema wa makopo mezani na wa 1:87 katika kabati la pembeni, wa kuamulia ubishi.

Mwaka 2020 treni ya abiria ilirudi Arusha baada ya kutoonekana kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilikwenda stesheni kuitazama pamoja na wajukuu. Ilivutwa na dizeli yenye namba tu. Mjukuu wangu wa kike aliniuliza kwa nini haina jina, na nilimwahidi kwamba makopo yakipatikana tutatengeneza moja yenye jina. Tumeshaitengeneza. Ina boila moja, na inaitwa Meru, na imeshafika Kisongo.

Yule kijana wa Upare sasa naye ni mstaafu. Nimeulizia, nimeambiwa alifundisha Singida hadi mwisho wa utumishi wake, lakini sijapata njia ya kumfikia. Kama kitabu hiki kitaingia mikononi mwake, namwomba afungue taarifa yake ya mazoezi ya kufundisha ya mwaka 1982, kama anayo bado, afute ile 11 aandike 27. Alama tatu nimezizuia kwa ajili ya magurudumu. Yalitakiwa kuwa 28.